Orodha Iko kwa Nani? Usalama wa kidijitali wa watetezi wa haki za LGBTI Afrika Mashariki

Tarehe 14 Februari 2012 Simon Lokodo, aliyekuwa Waziri wa Maadili na Uadilifu wa Uganda, aliingia mwenyewe katika hoteli moja mjini Entebbe akaivunja warsha ya wanaharakati wanaotetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Juni mwaka huohuo polisi wakaifunga warsha nyingine Kampala. Septemba 2017 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 20 waliokuwa kwenye mafunzo ya masuala ya Ukimwi. Mwezi uliofuata wenzao wa Dar es Salaam waliwachukua watu 13 hotelini, wanasheria kwa wanaharakati, akiwemo Sibongile Ndashe wa Afrika Kusini, waliokutana kujadili namna ya kwenda mahakamani baada ya serikali kuzuia baadhi ya huduma za Ukimwi. Februari 2023 ikawa zamu ya Gitega, Burundi, ambako watu 24 walikamatwa kwenye semina wakashtakiwa kwa mapenzi ya jinsia moja.

Ili kuvamia ukumbi, askari hahitaji mdukuzi. Anahitaji kujua hoteli, siku na saa, na habari hizo kwa kawaida zimeshatapakaa: ziko kwenye barua ya mwaliko, kwenye kundi la WhatsApp la washiriki, kwenye ankara ya ukumbi, kwenye ujumbe wa kutuma nauli. Mafunzo ya usalama wa kidijitali kwa watetezi wa haki za wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote, waliobadili jinsia na mahuntha (LGBTI) yamekuwepo Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka kumi, na wapo watu wanaolala majumbani mwao leo kwa sababu ya mafunzo hayo. Hata hivyo mengi bado yanaanzia kwenye programu za simu, ilhali hatari kubwa imo katika taarifa ambazo mashirika yenyewe yanakusanya, yanatunza na kuwapelekea wengine. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa undani.

Kwanza sheria, maana ndiyo inayoamua taarifa moja ikivuja itagharimu nini. Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumpeleka mtu jela maisha. Kenya, Mahakama Kuu ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kufuta vifungu vya 162 na 165 vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, ingawa Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema shirika la NGLHRC, linalotetea wapenzi wa jinsia moja, lina haki ya kusajiliwa. Uganda imekwenda mbali kuliko wote. Sheria iliyotiwa saini Mei 2023 ina adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuhamasisha ushoga, kuchapisha na kusambaza kukiwemo. Shirika linaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni moja za Uganda na kupoteza leseni. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo ikisimama. Ilichofuta ni vifungu vichache, kikiwemo kile kilichomlazimu raia kumripoti mwenzake. Rwanda na Kongo hazina sheria inayoharamisha mapenzi haya, lakini mwenye nyumba, mwajiri na wajomba wapo Kigali na Goma kama walivyo Kampala.

Chini ya sheria kama hiyo ya Uganda, mkufunzi naye yumo hatarini. Kitini anachogawa, mada zake zilizomo kwenye kompyuta, jina la folda alimozihifadhi, vyote vinaweza kuwekwa mezani kama ushahidi wa kuhamasisha. Kwa hiyo maandalizi ya mafunzo yana usalama wake unaopaswa kufikiriwa kabla hata ya kumpigia mshiriki wa kwanza.

Sasa, nani hasa anamtafuta mwanaharakati? Wakufunzi wengi hupenda kuanza na dola kubwa yenye mitambo, na si kwamba wanatunga hadithi. Oktoba 2015 shirika la Privacy International lilifichua kwamba vyombo vya usalama vya Uganda vilinunua programu ya ujasusi ya FinFisher na kuitumia katika operesheni iliyopewa jina la Fungua Macho, baada ya uchaguzi wa 2011 na maandamano yaliyofuata. Walengwa walikuwa wapinzani wa kisiasa, wabunge, waandishi wa habari. Mwaka 2021 simu za wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani wanaoshughulika na Uganda zilikutwa zimeingiliwa kwa programu ya Pegasus. Mambo haya yapo. Lakini mitambo hii ni ghali na huelekezwa kwa wachache. Msichana msagaji wa Mwanza anayejitolea kuelimisha rika, au kijana wa Mombasa anayepeleka kondomu na vilainishi mitaani, ana adui wa karibu zaidi.

Oktoba 2018 Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wamletee majina. Serikali ya Muungano ilijitenga na tangazo hilo siku chache baadaye, ikisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Lakini wananchi walishaombwa, na wengi wanaoweza kujibu ombi kama lile ni wale wanaokujua: jirani, mpenzi mliyeachana vibaya, binamu mliyegombania kiwanja, mwenzio wa kundi la WhatsApp. Kikulacho ki nguoni mwako. Uganda ilishalionja hili mapema zaidi. Oktoba 2010 gazeti la Rolling Stone la Kampala, lisilohusiana na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilianika picha na majina ya watu likitaka wanyongwe. Mwanaharakati David Kato alikuwa mmoja wao. Alikwenda mahakamani pamoja na wenzake wawili, na Januari 2011 Mahakama Kuu ikaamua kwamba faragha na utu wao vilivunjwa. Wiki chache baada ya ushindi huo, tarehe 26 Januari, aliuawa nyumbani kwake.

Ukikubali kwamba adui yuko karibu hivyo, somo la kwanza linabadilika. Mafunzo mazuri niliyoyaona hayafungui simu asubuhi ya kwanza. Washiriki wanapewa karatasi na kalamu, kila mmoja anachora duara lake: nani anajua kwamba mimi ni nani, amejuaje, na akikasirika leo atampelekea nani? Zoezi hilo huchukua muda mrefu na wakati mwingine mtu hutoka nje kulia. Mtu akishalifanya anajua mwenyewe simu yake inahitaji nini, na hamtegemei tena mkufunzi amtajie programu.

Tuitazame simu yenyewe basi, maana hapo ndipo penye mengi. Chukua jambo dogo la nauli. Shirika linawatumia washiriki 30 pesa kwa M-Pesa. Ujumbe wa uthibitisho unaorudi una jina kamili lililosajiliwa kwenye laini, na laini siku hizi husajiliwa kwa kitambulisho, Tanzania hata kwa alama ya kidole. Kwa hiyo mtu aliyejitambulisha kwa wenzake kwa jina moja la utani tu, kwa busara kabisa, ameshajulikana majina yake yote kwa mhasibu, kwa simu ya mhasibu na kwa taarifa ya malipo itakayochapwa mwisho wa mwezi. Kwa mtu aliyebadili jinsia ni vibaya zaidi, kwa sababu jina linalotokea ni lile alilozaliwa nalo, ambalo pengine hajawahi kumtajia yeyote pale.

Au chukua Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga simu. Watu wengi wanadhani jina linaloonekana mtu anapopiga simu linatoka kampuni ya simu. Kwa sehemu kubwa limetoka kwenye majina waliyoyahifadhi wengine katika simu zao. Mfanyakazi mmoja wa shirika akikuhifadhi kwa jina lako na kuongeza neno LGBTI mbele yake ili asikuchanganye na wengine, kisha akairuhusu programu kusoma orodha yake, jina hilo linaweza kumtokea fundi bomba unayempigia kesho. Hakuna nywila ya simu yako inayoweza kuzuia hilo. Dawa yake ni makubaliano ya ofisi nzima kuhusu namna ya kuhifadhi namba, jambo la dakika kumi ambalo sijaliona katika vitini vingi.

Kisha kundi la WhatsApp. Ni kweli ujumbe wa WhatsApp umefumbwa tangu unapotoka hadi unapofika, tangu mwaka 2016, na aliye katikati hawezi kuusoma. Lakini anayekamatwa hakamatwi katikati, anakamatwa na simu mkononi. Askari akiifungua simu moja amepata namba za kundi zima, picha zao, sauti zao na mazungumzo ya miaka. Nakala za mazungumzo zilizopelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni nazo hazilindwi kwa ufumbaji huo mpaka mwenyewe awashe kinga hiyo, iliyoletwa 2021, na watu wengi hawajaiwasha. Hivyo mambo ya kufundisha hapa ni ya kawaida kabisa: ujumbe unaojifuta baada ya siku chache, makundi madogo yanayovunjwa kazi inapoisha, kufunga simu kwa tarakimu nyingi badala ya kidole, kwa sababu kidole kinaweza kushikwa na kubanwa kwenye kioo, kukagua kama WhatsApp yako haijabaki wazi kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Hilo la mwisho linawagusa sana wanawake ambao simu zao zilinunuliwa na mume au kaka, na ambao simu yao hushikwa na kila mtu nyumbani. Mkufunzi akimwambia mwanamke wa namna hiyo aweke nywila ngumu, amemwongezea ugomvi. Afadhali amfundishe kuacha simu wazi huku mazungumzo ya harakati yakiwa hayamo kabisa.

Signal, programu nyingine ya ujumbe, ina faida moja kubwa ambayo kwa muda mrefu haikuwepo: tangu Februari 2024 unaweza kuwasiliana kwa jina la mtumiaji bila kumpa mwenzako namba yako. Kwa eneo ambalo namba ni sawa na kitambulisho, hilo ni jambo zito. Tahadhari ni kwamba katika mtaa ambao watu wote wanatumia WhatsApp, kuwa na Signal kunaweza kuibua maswali. Mkufunzi anayesema "tumieni Signal" bila kuuliza mshiriki anaishi na nani bado hajamaliza kazi yake.

Kuhusu programu za kutafuta wapenzi, habari za kutisha zaidi zinatoka Misri. Huko polisi wamekuwa wakijifanya wachumba, wanapanga miadi, wanamkamata anayefika, kisha wanaitumia simu yake kama ushahidi dhidi yake. Human Rights Watch ilichapisha Februari 2023 ripoti ndefu kuhusu mitego ya namna hii Misri, Iraq, Jordan, Lebanon na Tunisia. Kwetu, Nairobi na Kampala, anayetega mara nyingi ni genge la kawaida: kijana mzuri, chumba cha kupanga, wenzake wanaingia ghafla na kamera, kisha vitisho na madai ya pesa kwa simu. Aliyetapeliwa haendi polisi kwa kuwa anaogopa kukamatwa yeye. Wanaojua biashara hii husema atakayelipa mara moja ataombwa tena. Wanachofundisha wakufunzi wazoefu ni kuzungumza kwa video kabla ya miadi, kukutana mahali penye watu, na kumwachia rafiki mmoja habari za unakokwenda na saa ya kurudi. Zaidi ya yote wanafundisha namba ya wakili wa kupigiwa, iliyokaririwa kichwani, maana simu ndiyo ya kwanza kunyang'anywa.

Hapa naomba nitofautiane na wanaodhani kila mzigo ni wa mtumiaji. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba mahali alipo mtumiaji wa Grindr, mojawapo ya programu hizo, pangeweza kukokotolewa kwa kulinganisha umbali uliokuwa ukionyeshwa, na kampuni ikalazimika kuuficha umbali huo katika nchi zenye hatari. Baada ya mashinikizo ya mashirika ya haki, yakiwemo ya Mashariki ya Kati, iliongeza pia alama ya programu inayofanana na vitu vya kawaida. Na Desemba 2021 mamlaka ya Norway iliitoza Grindr faini ya kroni milioni 65 kwa kuwapa watangazaji wa biashara taarifa za watumiaji bila ridhaa halali. Mwanaharakati wa Kisumu asingeweza kujikinga na hilo hata angehudhuria warsha mia. Ndiyo maana sehemu ya mafunzo haya iwe ni kujua nani wa kumlalamikia.

Elimu yenyewe haijakosa walimu wala vitabu. Shirika la Front Line Defenders na Tactical Tech walitoa mwongozo wa Security in-a-Box mwaka 2009. DefendDefenders, lenye makao Kampala, limekuwa likiwahudumia watetezi wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika tangu 2005. Access Now ina huduma ya msaada wa dharura usiku na mchana. Kinachokosekana ni namna ya kufundisha. Mpangilio uliozoeleka ni siku tatu hotelini, mada kwa Kiingereza, programu kumi na mbili zimewekwa kwenye simu kwa intaneti ya hoteli, picha ya pamoja, posho, kwaheri. Wiki mbili baadaye bando limeisha, simu imejaa, nusu ya programu zimefutwa kupisha nafasi. Aliyesahau nywila hana wa kumuuliza. Na waliohudhuria ni mkurugenzi na ofisa wa mawasiliano, huku mhasibu anayetuma pesa, dereva anayejua kila nyumba, mpokezi anayepokea simu na mlinzi wa getini hawakualikwa.

Mlinzi hasa. Mei 2016 ofisi za HRAPF, shirika la msaada wa kisheria jijini Kampala, zilivunjwa na mlinzi akauawa. Februari 2018 zikavunjwa tena na walinzi wakajeruhiwa. Kompyuta ambayo diski yake imefumbwa kwa nywila haimpi mwizi kitu zaidi ya chuma. Ile isiyofumbwa inampa mafaili ya wateja wote. Lakini hakuna ufumbaji unaomlinda mtu aliyesimama mlangoni usiku, na bajeti inayolipia leseni za programu huku mlinzi akiwa hana hata kitufe cha dharura imepangwa na mtu asiyeijua Kampala.

Sheria za mawasiliano nazo mara nyingi hurukwa. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN wazisajili. Mkufunzi kutoka nje anayefika Dodoma na kusema kila mtu aweke VPN, bila kutaja agizo hilo, anawapa washiriki kosa la ziada la kushtakiwa nalo. Kila warsha iwe na wakili wa nchi husika, hata kwa nusu siku.

Mfano ninaouthamini kuliko yote hauna programu ndani yake. Nchini Kenya ulikuwepo mpango wa kutumia alama za vidole katika utafiti wa Ukimwi kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi, wakiwemo wanaume wanaojamiiana na wanaume, na wafanyakazi wa ngono. Makundi yenyewe yakauliza: alama zitakaa wapi, nani ataziona, polisi wakizitaka itakuwaje? Majibu hayakuwaridhisha, wakakataa kwa pamoja, na alama za vidole zikawekwa kando. Shirika la KELIN lilieleza kisa hicho katika ripoti ya 2018. Watu wale walifanya kazi ya usalama wa kidijitali kwa kiwango cha juu kabisa kwa kuhakikisha taarifa hatari haikusanywi tangu mwanzo.

Hapo ndipo tunafika kwenye karatasi ya mahudhurio ambayo kila mwenye kuhudhuria warsha anaijua: jina kamili, namba ya simu, shirika, jinsia, wakati mwingine namba ya kitambulisho, na sahihi. Juu yake pameandikwa kichwa cha mradi, kwa herufi kubwa, na neno LGBTI likiwemo. Inazungushwa asubuhi, inapigwa picha kwa simu, inatumwa kwa mfadhili kama uthibitisho, nakala inabaki kwenye faili ofisini, nyingine kwa mkaguzi wa hesabu. Wafadhili wengi walioitaka karatasi hiyo ndio haohao wanaogharamia mafunzo ya kulinda taarifa. Sioni ubaya wa mfadhili kutaka kujua pesa imekwenda wapi. Ni haki yake. Lakini idadi ya watu, saini ya mashahidi wawili wanaoaminika na namba za siri badala ya majina vingetosha, na yapo mashirika yaliyokwisha kukubaliana hivyo na wafadhili wao.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja mwelekeo wa kijinsia wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti, zenye masharti makali zaidi ya kukusanywa na kutunzwa. Uganda ina sheria yake ya 2019, Tanzania yake ya 2022. Sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya jamii hii, na sitarajii serikali zikimbilie kuitetea. Hata hivyo zinampa mkurugenzi wa shirika hoja ya kumwambia mfadhili: hatuwezi kukupa orodha hii, sheria ya nchi inatufunga.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye ofisi. Kabla ya kuomba fedha za warsha nyingine, fungueni kabati na hifadhi yenu ya mtandaoni, toeni karatasi za mahudhurio za miaka iliyopita, muulizeni mkaguzi ni zipi bado anazihitaji kisheria, na zilizobaki zichomwe na kufutwa sasa, wakati kuna utulivu. Upelelezi ukishaanza na polisi wakishagonga mlango, kuziharibu ni kosa la jinai, na majina yaliyomo yatakuwa yameshaondoka mikononi mwenu.